Magoli kwa Majina ya Watu

Kosa nililolifanya mapema, kabla hata miezi sita ya majaribio kazini haijaisha, ni kumfungulia daftari mtu mzima. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, na ukurasa wa kwanza niliugawa kwa rula sehemu tatu: alichosema, siku aliyosema, na kinachopingana nacho. Mtu mwenyewe alikuwa kocha wa timu yetu ya hoteli, Mbangladeshi wa miaka hamsini na kitu, aliyesema kwamba ujanani alikuwa mshambuliaji katika ligi ya Dhaka. Sikumwamini. Hakuna aliyenituma nimchunguze. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye nilijitungia visingizio vingi, na kila kimoja kilikuwa na mantiki nzuri kabisa.

Mimi ni kijana wa Mombasa niliyekuja Dubai kutandika vitanda. Hoteli yetu iko Al Rigga, na wafanyakazi tunalala Qusais. Sikusomea hoteli. Kukunja kona za shuka nilijifunza kwenye simu, nikisimamisha video na kuirudisha, na mpaka leo nikihisi nimekosea kona moja ninaacha troli koridoni na kurudi vyumba vitatu nyuma kuirekebisha. Mpira nilijifunza hivyo hivyo. Nilichora mishale ya namna mshambuliaji anavyokimbia, nikaihesabu, nikaifanyia mazoezi peke yangu. Kwenye timu ya hoteli nilikuwa namba tisa, na hiyo namba nilijipa mwenyewe siku ya kwanza kwa kuwahi kuichukua jezi.

Kocha alifanya kazi stoo ya mashuka, chini kabisa, karibu na lifti ya mizigo. Miaka mingi alikuwa amebeba masanduku ya wageni mpaka goti lake la kulia likagoma. Kisha meneja, mtu anayependa mpira kupita kiasi, akasikia kwamba mbeba masanduku wake aliwahi kuwa nyota. Akamteremsha stoo, akampa kiti na timu ya kufundisha. Alitutangazia sote kwenye kikao cha wafanyakazi: "Huyu kwao amechezea timu ya taifa." Kocha alisimama pale ameinamisha kichwa kidogo, hakukataa wala hakukubali. Hilo ndilo jambo la kwanza kabisa nililoliandika.

Mwaka uliofuata tukaambiwa mashuka yataanza kufuliwa nje, na stoo iliyokuwa na watu wawili itabaki na mmoja. Mikataba ya wote wawili ilikuwa inakaribia kwisha. Kila mtu alijua namna mambo yalivyokaa: meneja akiendelea kujivunia nyota wake, kocha atabaki kwenye kile kiti. Asipoendelea, hakuna kazi nyingine hotelini inayomfaa mtu mwenye goti lile, na atarudishwa kwao. Mimi nilijua zaidi ya wengine kwa sababu nilikuwa nimeliandika hilo pia.

Sikuwa mtu pekee mwenye shaka. Hapa Dubai kila mtu kwao alikuwa kitu kikubwa. Dereva wa basi letu alikuwa mwalimu mkuu, mpishi wa chapati alikuwa na maduka mawili, jamaa wa bwawa la kuogelea alikuwa karibu kuwa mbunge. Tunasikiliza, tunatikisa kichwa, hatuulizi. Ndiyo adabu ya mahali hapa. Mimi niliivunja hiyo adabu kwa sababu kocha alinigusa mahali panaponiuma.

Tulifanya mazoezi Jumapili asubuhi, kabla ya zamu ya mchana, kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba za Al Twar. Kocha alikaa juu ya kreti ya plastiki pembeni, mguu mbaya ameunyoosha. Alizungumza Kiingereza cha kazini, Kihindi kidogo, na maneno ya Kiarabu ambayo sote tunayo. Siku moja alinisimamisha katikati ya mchezo.

"Bhai," alisema, ndivyo kwao wanavyomwita ndugu, "unakimbilia wapi?"

"Natafuta nafasi, kocha."

"Nafasi umeipita. Iko kule ulikotoka, inakusubiri. Rudi ukakae nayo."

Wenzangu wakacheka. Kipa wetu, Mganda anayelinda mlango wa nyuma wa hoteli, akapiga makofi na glavu zake. "Banange! Nafasi inamsubiri kama mke!"

"Sasa nikisimama nitafungaje?" niliuliza.

"Ukisimama beki anakusahau. Ukikimbia unamkumbusha."

Halafu akanitoa mbele, akanipeleka winga ya kulia, na mbele akamweka jamaa wa kuosha vyombo. Jamaa huyo alikuwa Mbangladeshi mwenzake, mfupi, mzito kidogo, asiye na mshale hata mmoja kichwani. Jumapili hiyo alifunga mara mbili. Mimi nikarudi chumbani nikaandika: *Anapendelea watu wake.* Nikapigia mstari kwa rula.

Kuanzia hapo nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alikuwa anapenda kusimulia, hasa tukiwa tunasubiri basi. Alisema uwanja mmoja ulikuwa kando ya mto, mpira ukipigwa juu sana unaanguka majini na mtu wa mtumbwi analipwa biskuti kuurudisha. Alisema msimu wa mvua walicheza kwenye matope yanayofika kwenye vifundo, na mshambuliaji mjanja hapigi mpira kwa nguvu, anausukuma mahali penye dimbwi ili usimame hapo na kipa ateleze akiufuata. Alisimulia vizuri mno. Hilo lenyewe lilinipa wasiwasi, kwa sababu mtu mkweli, nilidhani, husahau vitu.

Na hadithi hazikulingana. Mwezi mmoja jezi ya timu yake ilikuwa nyeupe yenye mistari myeusi, mwezi mwingine ilikuwa ya njano, na mwaka ulikuwa ule ule. Alikuwa namba kumi, kisha tisa, kisha kumi na nne. Alisema ana mguu wa kushoto, halafu akasimulia goli zuri la mguu wa kulia. Siku moja alisema Ijumaa fulani alifunga katika miji miwili, nikaitafuta miji hiyo kwenye ramani ya simu na mto mkubwa ulikuwa kati yao. Nilipomwomba picha alinionyesha moja tu kwenye simu, picha ya zamani ya karatasi iliyopigwa picha tena. Wachezaji kumi na mmoja wamechuchumaa na kusimama, yeye yuko pembeni kulia, mwembamba, jezi imemzidi. Nilipomuuliza chini ya picha pameandikwa nini, alisema hakumbuki, akaifunga simu.

"Wewe uko CID?" kipa aliniuliza siku aliponikuta naandika. "Huyu mzee wa watu amekukosea nini?"

"Anadanganya."

"Sasa? Wewe hulali kwa sababu yeye anadanganya?"

"Goti lenyewe huenda si la mpira."

"Goti nimeliona bafuni. Limeshonwa kama gunia la viazi. Hata kama ameanguka kwenye ngazi, si lake?"

Siku moja kocha alinichukua twende naye Satwa kuchukua jezi mpya kwa fundi anayechapisha. Alinichagua, alisema, kwa sababu mimi naona makosa ambayo wengine hawayaoni. Nilifurahi kwa dakika mbili, kisha nikaanza kujiuliza anataka nini kwangu. Fundi alitoa karatasi, akauliza majina ya mgongoni ni yapi, kwamba majina yamo ndani ya bei ile ile.

"Namba tu," kocha akasema. "Jina la nini? Jezi ni ya atakayeivaa siku hiyo."

Fundi alishangaa. Wateja wake wote wanataka majina. Mimi niliangalia uso wa kocha nikaona ameliepuka lile neno *jina* kama mtu anayeruka maji barabarani. Ndani ya basi, yeye akiwa amesinzia na mfuko wa jezi mapajani, niliandika: *Kwa nini anaogopa majina?*

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo meneja aliponikuta ghorofa ya nne, mikono yangu ikiwa ndani ya foronya.

"Wewe ndiye unayeandika vizuri," alisema. Alikuwa ameona orodha zangu za vyumba. "Nataka ukurasa mmoja juu ya kocha wenu. Timu alizochezea, magoli, timu ya taifa. Nitauweka kwenye ubao wa wafanyakazi pamoja na picha yake. Wiki ijayo napeleka jina la atakayebaki stoo, nataka wakubwa wajue huyu ni nani."

"Ndiyo, sir."

Alikuwa amenipa kazi rahisi ya wema. Ningeweza kuandika mto, mtumbwi na matope, ukurasa ungejaa. Siku yangu ya mapumziko nilikaa mezani tangu asubuhi mpaka mchana, nikaandika orodha ya mambo matano yanayopingana, yenye namba na tarehe. Niliirudia mara tatu kwa sababu mstari wa nne ulikuwa umepinda. Juu yake nikaandika kwamba ninaona ni wajibu wangu. Neno hilo *wajibu* nilitumia dakika nyingi kulichagua, na nadhani nilijua tangu wakati ule kwamba linafunika kitu.

Jioni nikampelekea meneja orodha hiyo, na kesho yake saa nne asubuhi tuliitwa ofisini, mimi na kocha. Kocha aliingia akichechemea na tabasamu, akifikiri ni habari ya picha. Meneja alimwambia akae. Mimi nilibaki nimesimama karibu na mlango. Meneja alimsomea orodha yangu yote, polepole, kwa sauti isiyo na ukali. Kocha alisikiliza kila namba akiangalia kalenda ukutani.

"Umesema haya?" meneja akauliza.

"Nimesema, sir. Ameandika vizuri."

"Sasa lipi la kweli?"

"Yote."

Meneja akaweka karatasi chini. Kocha alivuta pumzi, akatuambia juu ya kitu wanachokiita *khep*. Neno lenyewe, alisema, ni safari moja ya mzigo, kama dereva wa lori anavyosema leo nimepiga safari tatu. Vijijini kwao mwenye mji anaandaa mashindano, zawadi ni ng'ombe au friji, na kila upande unataka kushinda kwa namna yoyote. Basi wanatuma mtu Dhaka kukodi mchezaji wa ligi kwa siku moja. Klabu inakataza kabisa. Mchezaji anatoroka alfajiri, viatu vya mpira ameviweka chini ya mboga kwenye mfuko, anapanda basi, anapanda boti, na akifika anapewa jezi ya kijana wa pale na jina la kijana huyo. Mtangazaji mwenye kipaza sauti anaita jina hilo. Watu waliopanda juu ya mapaa wanaimba jina hilo. Jioni mchezaji anarudi.

"Klabuni nilikaa msimu mmoja na nusu, sir. Jezi nyeupe na nyeusi. Nilianza mechi saba. Hizo jezi nyingine zote ni za khep. Njano ni ya mji mmoja, namba kumi na nne ni ya mwalimu wa shule. Huyo mwalimu mpaka leo wanamsifu kwa magoli matatu ya fainali. Hajawahi kufunga hata moja, ana pumu." Meneja alicheka kidogo bila kutaka. "Miji miwili siku moja, ndiyo. Asubuhi huku, mchana kule. Mto tulivuka na pikipiki juu ya boti. Na mguu wa kulia, kijana niliyemwakilisha siku hiyo alikuwa wa kulia. Kama ningepiga kushoto wangejua."

Nilisimama pale nikijaribu kuona shimo katika maelezo hayo. Kila jibu liliingia mahali pake, na hilo likanifanya niyatilie shaka zaidi.

"Na timu ya taifa?" meneja akauliza.

Hapo kocha aliacha kuangalia kalenda. "Niliitwa kambini siku kumi na mbili. Nililala kitanda cha juu. Kisha nikarudishwa. Mimi sikusema nilicheza, sir. Kijana wa mapokezi ndiye aliyekwambia nilicheza. Mimi nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Kiti kilikuwa kizuri."

Meneja aliangalia tena karatasi yangu. Sikumwona amekasirika. Alionekana kama mtu aliyenunua saa mahali pa heshima na kugundua ni ya kuiga. "Kwa hiyo umezoea kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine," alisema mwishowe.

"Kiwanjani, sir."

"Huko chini mashuka yanatoka kwa saini. Funguo unazo wewe."

"Miaka kumi na mmoja nimo hotelini, sir, halijapotea hata taulo."

"Najua." Akaikunja karatasi mara mbili. "Lakini siwezi kuwaambia wakubwa hivi. Khalas, imetosha. Tutaangalia."

Wiki iliyofuata jina la kubaki lilikuwa la yule mwenzake wa stoo. Kocha alihamishiwa mlango wa kupokelea mizigo kwa miezi minne iliyobaki ya mkataba, na baada ya hapo angeondoka.

Kitu cha kwanza nilichokihisi ofisini, na naona aibu kukiandika, ni kwamba namba tano kwenye orodha yangu ilikuwa na kosa. Nilikuwa nimeandika kwamba alisema alichezea timu ya taifa. Hakusema. Nilirudi kwenye daftari nikakuta ni kweli, hakuna siku aliyolisema kwa kinywa chake. Mimi, ninayerudi vyumba vitatu kwa kona ya shuka, nilikuwa nimemponza mtu kwa sentensi ambayo hakuitamka.

Kipa hakuzungumza nami siku tisa. Ya kumi alinisimamisha mlango wa nyuma wakati akikagua mfuko wangu, kama anavyokagua mifuko ya wote.

"Umemkata mzee miguu yote miwili," alisema. "Ule mzima na ule wa kushonwa."

"Niliulizwa."

"Uliulizwa magoli. Wewe ukapeleka kesi." Akanirudishia mfuko. "Na wewe, ile timu ya vijana ya Mombasa uliyosema umechezea, tukuandikie daftari?"

Hiyo timu ndiyo jambo ambalo sikuliandika popote. Wiki ya kwanza Dubai, nilipotaka ile jezi namba tisa, niliwaambia wote nilichezea timu ya vijana ya klabu kubwa ya kwetu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwenye majaribio yao mara moja, nikaambiwa nisubiri nje ya uzio, na wakasahau kuniita. Niliufunga mfuko nikapita mlangoni haraka.

Nilimwendea kocha baada ya siku nyingi, wakati wa chai ya saa kumi. Alikuwa amekaa juu ya boksi la sabuni penye mlango wa mizigo. Jamaa wa jikoni walikuwa wanambebea vitu vizito msimamizi akigeuka, naye alikuwa anashika kalamu na karatasi ya mizigo ili aonekane ana shughuli. Nilimwomba radhi. Niliisema vibaya, nikaanza upya, nikaisema vibaya zaidi.

"Bhai, kaa," alisema. "Lile daftari bado unalo?"

"Ninalo."

"Nipe."

Nikajua anataka kulichoma. Nilimwambia nitalileta kesho, na jioni hiyo nilipiga picha kila ukurasa kwanza, ili nibaki na ushahidi. Ushahidi wa nini, sijui. Nililiona hilo kama jambo la busara.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akasoma pale pale, huku chai yake ikipoa. Kiingereza changu alikisoma kwa kidole. Alipofika kwenye ule mji wa njano alisimama.

"Hapa umeandika magoli mawili. Yalikuwa matatu. La tatu sikukwambia kwa sababu lilikuwa la mkono." Akanipa kalamu. "Andika."

Nikaandika. Tulifanya hivyo siku kadhaa za chai. Alinieleza kwamba hajawahi kuwa na kitu hata kimoja kilichoandikwa juu yake. Magazeti ya ile miji yaliandika majina ya watu wengine, na klabu ilipogundua amevunjika goti kwenye khep ilimtoa bila barua. Mwanawe wa kiume hamwamini, alisema, anafikiri baba alikuwa anakwenda kuangalia mpira. "Wewe peke yako ndiye uliyeweka vyote pamoja," aliniambia, "na kwa tarehe." Sikuweza kuamua kama ananishukuru au ananichapa. Bado sijaamua. Na nikiwa mkweli, bado sijui kama yale yote yalitokea. Miji ipo, mto upo, boti zinazobeba pikipiki nimeziona kwenye video. Mwalimu mwenye pumu sina namna ya kumpata.

Jumapili zake za mwisho aliendelea kutufundisha. Alikuwa haruhusiwi tena kutumia basi la timu, akaja na basi la abiria na kutembea kutoka kituoni, polepole, na kreti yake. Mimi nilibaki winga, jamaa wa vyombo akabaki mbele. Aliondoka siku ya kazi, sote tukiwa zamuni, na daftari akaondoka nalo. Ukurasa wa juu nilikuwa nimemwandikia, kwa kuwa aliniomba, jina lake kamili. Alilikagua herufi kwa herufi.

Tangu wakati huo yamebadilika mambo haya. Timu inafundishwa na kipa. Wachezaji nimewaambia kwamba sikuchezea timu yoyote Mombasa, na baada ya kunicheka wiki mbili wameacha. Bado nina shaka na watu wengi. Nikiwa nayo namuuliza mwenyewe, na meneja akiniuliza juu ya mtu, namwambia amwite amuulize yeye.